Sikuhesabiwa Kwenye Leso

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Machakos, nimeolewa Likoni mwaka wa sita huu. Juzi wifi yangu aliolewa. Nilipofika, mavyaa, mawifi, hata majirani, wote wamejifunga leso za sare. Mimi peke yangu nimevaa dera. Nilijificha jikoni hadi jioni nisionekane kwenye picha. Mume wangu asema ni kitambaa tu. Je, nijinunulie kama zao, nizivae shughuli ijayo?
*Mke wa Likoni*

Mwanangu, pole sana. Mume wako amekosea. Yeye mwenyewe hangeketi kwenye nikaha ya dadake bila kanzu na kofia, na mtu angemwambia kanzu ni kitambaa tu wangegombana.

Pwani hii nguo hutangulia kusema mtu ni wa nani. Zama za utumwa, mjakazi alijulikana kwa vitambaa vya merikani na kaniki. Sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa Unguja, wanawake wengi walioachwa huru walizikimbilia leso za rangi, kwa kuwa walitaka waonekane watu wenye kwao. Nawe hukulilia pamba, mwanangu. Ulikuwa wauliza kama hapo ni kwenu.

Lakini usihukumu bado. Sare huchangiwa. Huteuliwa mama mmoja akusanye pesa, avuke feri, aende Biashara Street akanunue doti kwa hesabu ya majina aliyo nayo. Na majina hayo hutajwa barazani alasiri, watu wakisukana. Wewe alasiri hizo ulikuwa wapi? Hukuniandikia. Huenda ulikuwa kazini. Huenda mume wako aliambiwa mchango akasahau kukufikishia. Muulize leo usiku, kwa upole, na umtazame anavyojibu.

Kujinunulia kimya kimya, hapana. Sare ni ya kuhesabiwa, na hiyo haitakuwa na aliyekuhesabu. Utaivaa na jikoni utarudi.

Nenda kwa mavyaa wako, bila mashtaka. Mchukulie doti moja nzuri. Wauza leso wa Mali ya Abdulla wako Mombasa tangu 1887, hukosi ya kukupendeza. Ila lisome jina la leso kabla hujalipa, kisha ulisome tena. Fumbo lenye kijembe liache dukani, hata rangi ziwe tamu vipi, kwani mavyaa atasoma jina kabla hajatazama maua. Chagua la dua au la shukrani. Na doti huuzwa leso mbili zimeshikana: usizikate, mpe hivyo hivyo. Mwambie, “Mama, siku ya harusi niliumia. Shughuli ijayo nihesabuni, mchango wangu ndio huu.” Kisha nyamaza, umwachie aseme.

Akiitisha mkasi, akazitenganisha, akakutupia moja begani, usiirudishe.