Upana wa Reli na Mwendo wa Garimoshi

Kiriba hakuna reli. Msafiri wa huko atakaye kupanda garimoshi hana budi kufuata kwanza barabara hadi Mwanza, mji uliofikiwa na reli kutoka Tabora mwaka 1928. Upana wa njia hiyo, yaani nafasi iliyo baina ya reli na reli, ni milimita 1,000. Akifika Dar es Salaam atakuta njia nyingine mbili. TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, ina milimita 1,067. Reli ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Morogoro mwezi Juni 2024 na hadi Dodoma mwezi uliofuata, ina milimita 1,435, nayo imesanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa.

Mwanafunzi akiulizwa sababu ya mwendo huo, hujibu upesi: upana. Je, ni kweli?

Reli kuu za Marekani na Ufaransa zina upana mmoja, milimita 1,435. Mwaka 1981 Ufaransa ilifungua njia mpya kati ya Paris na Lyon, ambamo magarimoshi ya abiria yalipita kilomita 250 kwa saa. Marekani, katika sehemu nyingi, garimoshi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 127, nalo hutumia njia za makampuni ya mizigo. Zaidi ya hayo, huko Queensland, Australia, yako magarimoshi yafikayo kilomita 160 juu ya milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA!

Basi tutazame kona. Mwalimu afunge jiwe kwenye kamba na kulizungusha: mwendo ukiwa mara mbili, kamba huvutwa kwa kani mara nne. Garimoshi nalo, likipinda, huhitaji kani ya kulielekeza ndani, na kani hiyo hulingana na mraba wa mwendo ukigawanywa kwa nusukipenyo cha kona. Tuchukue mfano wa kona yenye nusukipenyo cha mita 300, ipitwayo kwa kilomita 50 kwa saa. Tukitaka kilomita 160, mwendo umezidi mara 3.2, mraba wake ni 10.24. Ili abiria asisukumwe zaidi ya awali, kona sharti iwe na nusukipenyo cha mita 3,072. Kuinua reli ya nje husaidia, lakini kwa kiasi. Kwa hiyo wajenzi hukata vilima, hutoboa mahandaki na kuinua madaraja. Fedha nyingi huishia hapo.

Upana haukosi faida: kitako kipana hulizuia behewa refu lisipinduke kwa urahisi. Lakini tofauti ya upana ina gharama yake. Kidatu, ambako reli ya mita moja hukutana na TAZARA, milimita 67 tu hulazimisha mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa.

Kwa Mkoa wa Mara jambo hili lina uzito, maana kumekuwako mapendekezo ya kuifikisha reli ya Tanga na Arusha hadi Musoma.

Zoezi: Kona ya mita 400 hupitwa kwa kilomita 60 kwa saa. Kwa kilomita 120, nusukipenyo kiwe mita ngapi? (Jibu: 1,600.)