MECHI YA KRIKETI BAINA YA SHULE ZA MSINGI: NJIA YA KUMSHIRIKISHA KILA MTOTO

Utangulizi

Mwalimu apelekapo timu yake kucheza na shule ya jirani, huwa hajaliacha darasa lake, amelihamishia uwanjani. Hilo ndilo neno tunalotaka kulijadili katika makala hii. Wanachuo wengi huandika kwa uangalifu andalio la somo la hisabati au la sayansi, wakataja madhumuni, zana na hatua zote. Lakini siku ya mechi huwapeleka watoto uwanjani bila andalio lolote, na warudipo taarifa yao huwa na neno moja tu: tumeshinda, au tumeshindwa. Sisi tunasema kwamba mechi ni somo, nayo hapana budi ipimwe kwa kipimo cha somo: kila mtoto alifanya nini, na alijifunza nini?

Tumechagua mchezo wa kriketi kwa sababu mbili. Kwanza, ni mchezo unaoanza kutoa matunda nchini mwetu. Mwaka 2025 timu ya vijana wa kiume wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza kuingia katika Kombe la Dunia la vijana, lililopangwa kuchezwa mwaka 2026. Hivyo si ajabu mwalimu mpya akakuta shuleni kwake vibao na mipira, akaombwa aandae timu. Pili, katika mchezo huu, kuliko michezo mingine mingi, ni rahisi mno mtoto kushinda uwanjani mchana kutwa pasipo kugusa mpira.

Maneno ya mchezo

Kwa faida ya wale ambao hawajaucheza, tueleze kwa ufupi. Timu kamili ina wachezaji 11. Timu moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka, baadaye hubadilishana. Kila upande wa njia ya kuchezea husimikwa vijiti vitatu viitwavyo wiketi. Mrushaji huurusha mpira kuelekea wiketi, na mpigaji huulinda wiketi kwa kibao. Akiisha kuupiga mpira, yeye na mwenzake wa upande wa pili hukimbia na kupishana, na kila mara wanapopishana salama timu yao hupata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika, huhesabiwa mikimbio 4. Ukivuka bila kugusa chini, 6. Mirusho sita halali huitwa ova, kisha hurusha mtu mwingine kutoka upande wa pili.

Mpigaji hutoka mpira ukiangusha wiketi yake, au ukidakwa kabla ya kugusa chini, na kwa njia nyingine kadhaa. Katika mchezo wa kawaida akiisha kutoka harudi tena katika zamu hiyo. Lakini asipotoka anaweza kuendelea kupiga saa nyingi, na hapo ndipo penye tatizo letu.

Mechi mbili za kuzingatia

India ni nchi ambayo mechi za kriketi baina ya shule zina historia ndefu. Katika jiji la Mumbai, zamani Bombay, Ngao ya Harris imeshindaniwa na shule tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwezi Februari 1988, katika mashindano hayo, wanafunzi wawili wa shule ya Shardashram walipiga pamoja bila kutenganishwa hadi wakapata mikimbio 664. Mmoja alikuwa Sachin Tendulkar, mwenye umri wa miaka 14, aliyepata 326. Mwingine Vinod Kambli, mwenye miaka 16, aliyepata 349. Wote wawili baadaye waliichezea timu ya taifa ya India, na Tendulkar akawa miongoni mwa wapigaji mashuhuri kupita wote duniani.

Mechi ya pili ilichezwa mwezi Januari 2016 huko Kalyan, karibu na Mumbai, katika mashindano ya vijana walio chini ya miaka 16. Pranav Dhanawade, mvulana wa miaka 15 wa shule ya K. C. Gandhi, alipiga mikimbio 1,009 bila kutoka. Hakuna mtu kabla yake aliyefikisha 1,000 katika zamu moja ya mechi iliyoandikwa. Rekodi aliyoivunja, ya mikimbio 628, ilikuwa imedumu tangu mwaka 1899, ilipowekwa na A. E. J. Collins, mwanafunzi wa miaka 13, katika mechi ya mabweni ya shule ya Clifton huko Uingereza. Timu ya Dhanawade ilisimamisha zamu yake ikiwa na mikimbio 1,465, wapigaji watatu tu wakiwa wametoka. Wapinzani wao walipata 31 katika zamu ya kwanza na 52 katika ya pili.

Magazeti ya dunia nzima yalimsifu kijana huyo, naye alistahili sifa, kwani kupiga kwa muda mrefu namna ile kunahitaji nguvu na utulivu mkubwa. Lakini sisi walimu tuisome karatasi ya matokeo kwa jicho la kazi yetu. Wapigaji watatu wakiwa wametoka na wawili wakiwa bado uwanjani, jumla ni watano. Maana yake ni kwamba katika timu iliyoshinda kwa ushindi mkubwa kiasi hicho, watoto sita hawakushika kibao hata mara moja. Nao wa timu iliyoshindwa waliukimbilia mpira siku nzima na zaidi, na walipofika zamu yao wakamalizika upesi. Ilielezwa wakati ule kwamba wachezaji wa kawaida wa shule hiyo walikuwa wamezuiwa kwa sababu ya mitihani, wakapelekwa watoto wadogo zaidi kujaza nafasi. Je, watoto wale walijifunza nini? Yamkini walijifunza kwamba kriketi si mchezo wao.

Hata mshindi mwenyewe hatuwezi kusema kwamba mechi ile ilimjenga. Chama cha kriketi cha Mumbai kilimpa msaada wa fedha wa kila mwezi, lakini mwaka 2017 familia yake iliomba usitishwe, kwa kuwa mchezo wake haukuwa umeendelea kama ilivyotarajiwa. Mikimbio ipatikanayo kwa mpinzani asiye na uwezo haimfundishi mpigaji mambo mengi mapya.

Mtu aweza kuuliza: mbona Tendulkar alikua vema? Jibu liko katika malezi yake. Mwalimu wake, Ramakant Achrekar, alikuwa akimchezesha mara nyingi iwezekanavyo. Tendulkar mwenyewe ameeleza kwamba siku moja aliacha mechi yake ya mazoezi akaenda kuwatazama wakubwa wa shule yake wakicheza. Achrekar alimkaripia, akamwambia asiende kuwapigia makofi wengine, bali acheze hata watu waje kumpigia yeye. Fundisho la mkufunzi huyo ni wazi: mtoto hujifunza kriketi kwa kucheza, wala si kwa kusimama akitazama. Swali letu ni jinsi ya kumpatia kila mtoto, si mmoja tu, nafasi hiyo.

Njia ya jozi

Kwa watoto wa shule ya msingi iko njia nyepesi, ambayo imetumika sana katika shule za Uingereza. Kila timu huwa na watoto 8, nao hugawanywa katika jozi 4. Kila jozi hupiga ova 3, iwe imetoka au haijatoka. Hivyo zamu ya timu ni ova 12, yaani mirusho 72, na kila jozi hupata mirusho 18. Mpigaji akitoka haondoki uwanjani. Timu yake hupunguziwa mikimbio 5, kisha anabadilishana nafasi na mwenzake na mchezo unaendelea. Ili hesabu isishuke chini ya sifuri, kila timu huanza na mikimbio 200.

Tuchukue mfano wa kubuni. Timu A imepata mikimbio 64, na wapigaji wake wametolewa mara 7. Timu B imepata 48, na wametolewa mara 3.

Timu A: 200 + 64 - (7 x 5) = 229.
Timu B: 200 + 48 - (3 x 5) = 233.

Timu B imeshinda kwa mikimbio 4, ingawa ilipiga mikimbio michache zaidi. Watoto wataona mara moja kwamba uangalifu una thamani sawa na nguvu. Aidha, mtoto mwoga ambaye anajua kuulinda wiketi yake tu hawi tena mzigo kwa wenzake; kila mrusho anaouzuia unaiokolea timu mikimbio.

Katika kurusha nako tufuate kanuni hiyohiyo. Ova ni 12 na watoto ni 8. Kila mmoja na arushe ova moja kwanza; zile 4 zilizobaki wapewe watoto wanne, ova moja kila mmoja. Mlinda wiketi naye abadilishwe baada ya kila ova 3, ili apate zamu yake ya kurusha. Baada ya kila ova watoto walioko uwanjani wasogee nafasi moja, kwa mzunguko, ili asiwepo wa kusahauliwa mpakani tangu mwanzo hadi mwisho.

Maandalizi ya mwalimu

Kabla ya mechi, walimu wa shule zote mbili hawana budi kukutana, au angalau kuandikiana. Wakubaliane juu ya mambo matatu: umri wa watoto, idadi ya ova, na aina ya mpira. Shule moja ikiwa imepungukiwa na wachezaji kwa sababu ya mitihani au ugonjwa, ni heri kupunguza idadi ya watoto kila upande, au kuchanganya watoto wa shule mbili katika timu mbili, kuliko kuwatoa watoto wadogo mbele ya wakubwa. Wasichana na wavulana wanaweza kucheza pamoja katika njia hii bila shida yoyote.

Kuhusu vifaa, mpira halisi wa kriketi ni mgumu na una uzito wa takriban gramu 160. Usitumike kwa watoto wasio na vikinga vya miguu, glovu na kofia ngumu. Mpira wa tenisi unafaa kabisa. Vibao vinaweza kuchongwa na fundi seremala, na wiketi zikatengenezwa kwa vijiti vilivyosimikwa katika debe lenye mchanga. Njia ya kuchezea ya watu wazima ina urefu wa mita 20 hivi. Kwa watoto mita 16 zatosha.

Wakati wa mechi, mwalimu asikae chini ya mti na wageni. Watoto wawili, mmoja kutoka kila shule, waandike matokeo wakiwa wamekaa pamoja, ili wasahihishane. Mwalimu naye awe na karatasi yake yenye jina la kila mtoto na nafasi nne: amepiga mirusho mingapi, amerusha ova ngapi, amegusa mpira mara ngapi akiwa uwanjani, na jambo moja alilolifanya vema. Nafasi iliyobaki tupu mchezo ukifika katikati inamwonyesha mwalimu kazi yake kabla muda haujakwisha.

Baada ya mechi, na hasa kesho yake darasani, karatasi hiyo iwe zana ya kufundishia. Watoto wa madarasa ya juu watafute wastani wa mikimbio kwa kila ova na wachore grafu ya jozi nne. Katika somo la Kiswahili waandike taarifa ya mechi. Walioshindwa waulizwe kwanza walilolifanya vizuri, ndipo waulizwe la kurekebisha.

Pingamizi

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, husikia mara nyingi hoja hii: shule inataka kombe, na mwalimu mkuu atalalamika tukiwachezesha wasiojua. Hoja hii si ya kupuuzwa. Watoto hupenda kushinda, nasi hatutaki kuwaondolea furaha hiyo. Lakini katika njia ya jozi ushindi upo palepale, na kombe litatolewa palepale. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia. Timu haiwezi kushinda kwa kumtegemea hodari mmoja, kwa sababu naye ana ova tatu tu. Hivyo mwalimu atakaye kombe atalazimika kumfundisha yule mtoto wa nane, ambaye zamani alipewa kazi ya kubeba maji.

Wala hodari hapotezi kitu. Wakati wake wa kupiga kwa muda mrefu utafika katika mashindano ya umri mkubwa zaidi. Katika shule ya msingi bado hatujui nani atakuwa hodari. Mwalimu anayechagua wawili na kuwaacha wengine wakiwa na miaka kumi anafunga mlango ambao si haki yake kuufunga.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba mechi baina ya shule ni somo, kwamba sheria za kriketi ya wakubwa huweza kuwaacha watoto wengi bila kujifunza, na kwamba njia ya jozi, pamoja na makubaliano ya walimu na karatasi ya kila mtoto, hurekebisha kasoro hiyo. Tunawashauri wanachuo waijaribu kwanza baina ya mikondo miwili ya shule moja, kabla ya kuialika shule jirani.

Maswali ya kujadili

1. Andika andalio la mechi ya jozi baina ya shule mbili, ukitaja madhumuni, zana, hatua na namna ya kutathmini.

2. Timu C imepata mikimbio 71 na kutolewa mara 9. Timu D imepata 50 na kutolewa mara 4. Nani mshindi, na kwa mikimbio mingapi? Utawaeleza nini watoto wa Timu C?

3. Shule jirani imefika na watoto 6 tu, wawili kati yao ni wa darasa la tatu. Utapangaje mechi?

4. Chagua mchezo mwingine unaochezwa shuleni kwenu. Ni watoto gani wanaosahauliwa katika mchezo huo, na sheria ipi ingewarudisha mchezoni?