NAFASI TUPU SI SIFURI
Somo la toleo hili: Majibu pungufu katika dodoso la ulaji



Mdadisi wa lishe anapobisha hodi huuliza jambo linaloonekana dogo: jana, mchana na usiku, ulikula nini? Majibu hayo yakijumlishwa huonesha ni wapi elimu ya lishe na huduma nyingine zinahitajika zaidi. Dodoso lenye mapengo laweza kukifanya kijiji chenye upungufu kionekane kimeshiba, au kinyume chake.

Kipimo kinachotumika kwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 kina makundi 10 ya vyakula. Aliyekula walau makundi 5 katika siku hiyo huhesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini cha mlo mchanganyiko.

Tuchukue mfano. Mama amejibu "ndiyo" kwa ugali, dagaa, mchicha na embe bivu. Hayo ni makundi 4. Swali la maharage na jamii ya kunde limeachwa wazi. Kwingine kote amejibu "hapana". Pengo hilo likiandikwa "hapana", mama huyu hakufikia kiwango; likiandikwa "ndiyo", amefikia. Hukumu yote yategemea swali ambalo hakuna aliyelijibu.

Kwa sababu hiyo, mambo manne huzingatiwa:

1. Mdadisi hulikagua dodoso kabla ya kuondoka nyumbani, na akigundua pengo baadaye, hurudi mapema. Kumbukumbu ya mlo haidumu.

2. "Hapana", "sijui" na "sitaki kujibu" huandikwa kila moja kwa alama yake. Nafasi tupu haigeuzwi kuwa mojawapo.

3. Pengo halijazwi kwa kukisia, wala kwa kumuuliza jirani.

4. Taarifa hutaja idadi ya madodoso pungufu. Tuseme wanawake 100 walihojiwa, 80 wakajibu yote, na kati yao 40 walifikia kiwango. Hiyo ni nusu ya waliokamilisha. Lakini iwapo wale 20 wote hawakukifikia, ukweli ni asilimia 40. Iwapo wote walikifikia, ni asilimia 60.

Kuwaondoa hao 20 katika hesabu si salama daima. Huenda waliacha swali kwa sababu walikuwa na haraka ya kwenda shambani, au kwa kuona aibu kutamka kwamba jana hapakupikwa. Wakiondolewa hao wa mwisho, wenye shida kubwa ndio wanaofutika katika takwimu.

Nawe mkazi unalo jukumu lako. Taja ulichokula jana hasa, hata kama palikuwa na sherehe au msiba, badala ya kile unachokula kwa kawaida. Kumbuka pia vilivyoliwa nje ya nyumba: karanga za njiani, maziwa, matunda ya porini. Usipokumbuka, sema "sijui". Hilo nalo ni jibu. Una haki ya kutojibu swali, ila lisema wazi ili liandikwe hivyo. Kabla mdadisi hajaaga, mwombe apitie kurasa zote pamoja nawe.

Chakula kisichotajwa hakihesabiki, na njaa isiyotajwa haipangiwi bajeti.