Kujua Kusoma na Kukosa cha Kusoma

Sisi wa Kidato cha Nne tumezoea kusema "nitakapomaliza masomo", kana kwamba masomo ni gunia la mpunga ambalo mtu hulitua ghalani akajifuta jasho. Katika makala haya nataka kueleza habari za watu walioanza kusoma wakiwa wakubwa kuliko baadhi ya walimu wetu, jinsi walivyofundishwa, na kwa nini wengi wao walisahau walichofundishwa. Jambo hili latuhusu zaidi ya tunavyodhani, maana kilichowasahaulisha wao kingalipo hapahapa Mlimba.

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hata ilipofanywa sensa ya mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wapatao 67 walikuwa hawajui. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kulisema jambo hili Bungeni mwaka 1964, alipokuwa akieleza Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto anayeanza shule leo hataongeza mavuno ya nchi mpaka ipite miaka mitano, kumi, au hata ishirini; lakini mtu mzima aliyejifunza jioni aweza kuyatumia aliyojifunza kesho asubuhi shambani. Mimi naona hoja hiyo ni nzito, ingawa haitupendezi sana sisi tulio watoto wa shule. Basi mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya chache, zikiwamo Mafia na Ukerewe, zikatakiwa kwanza kufuta ujinga wa kutojua kusoma, kisha kazi ikaenea nchi nzima.

Madarasa hayo yaliitwa kisomo. Yapasa tuangalie vizuri namna yalivyoendeshwa, kwa sababu hapo ndipo penye somo lenyewe. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Katika mikoa ya Ziwa, ambako mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulianza mwaka 1968, mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa kitabu cha pamba, na mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Neno la kwanza alilolisoma lilikuwa la kazi yake mwenyewe, ambalo alilijua maana yake kabla hajaliona limeandikwa. Kilichobaki kwake ni kulitambua tu, kama mtu amtambuavyo jirani yake gizani kwa sauti.

Bibi yangu, mzaa mama, ambaye kijiji chake kiko upande wa Mngeta, alianza kisomo akiwa amekwisha kuolewa. Darasa lao lilikuwa chini ya mwembe, alasiri, baada ya kazi za shamba. Nyumbani walisema Kindamba, na kisomo kilikuwa kwa Kiswahili. Anasimulia kwamba kilichomtia hofu si herufi bali kalamu: mkono uliozoea jembe huibana kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Msimu wa mpunga ulipofika, watu wakahamia mashambani kukaa kwenye madungu na kuamia ndege, darasa likabaki na wachache. Mwalimu wao, kijana aliyekuwa amemaliza shule ya msingi, hakukasirika. Aliwafuata hukohuko mashambani siku za Jumamosi.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika vikundi vikundi kando ya redio, wakasikiliza kipindi, wakafungua kitabu chao, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Waliojiunga wanakadiriwa kufika milioni mbili, na vyoo vilivyochimbwa nchini kwa sababu ya kampeni hiyo vilikuwa mamia ya maelfu. Miaka miwili baadaye ikafuata nyingine iliyoitwa Chakula ni Uhai. Wenzetu wa hapa mjini watakumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo reli ya TAZARA ilikuwa ikijengwa kupita Mlimba, na kwamba sehemu ya kutoka hapa kupanda hadi Makambako, yenye mahandaki mengi, ndiyo iliyowatesa wajenzi kuliko zote. Vijana wengi wa Tanzania walijifunza ufundi katika kazi hiyo hiyo, pasipo kuingia darasani hata siku moja.

Kisomo kilizaa matunda. Mwaka 1975 watu wazima walipopewa mtihani wa taifa, wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi 39 katika kila 100. Na mwaka 1986 hesabu ilionyesha kuwa hawafiki 10. Sijui nchi nyingi zilizofanya haya kwa muda mfupi namna hiyo. Lakini katika miaka ya 1990 hesabu ilianza kupanda tena, na sensa ya mwaka 2012 ilikuta wapatao 22 katika kila 100 hawajui kusoma.

Kwa nini? Wengine husema watu walikuwa wavivu. Sikubaliani nao. Katika siku za kisomo kulikuwa na maktaba za vijiji, na mikoa ya Ziwa ilikuwa na gazeti lake, Elimu Haina Mwisho, lililoanza mwaka 1974, kwa ajili ya hao waliotoka kujifunza. Hali ya uchumi ilipoharibika, karatasi zikaadimika, vitabu vikachakaa bila kupata vingine, maktaba zikafungwa. Aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma. Kusoma nako ni kama kuogelea kwa mtu aliyejifunza ukubwani: asipoingia majini miaka kumi, huanza tena kuogopa. Bibi anawajua wanawake watatu waliokaa naye chini ya mwembe ule, ambao leo hutia sahihi kwa dole gumba.

Siku hizi milango ya kurudi ipo. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, kurejea katika shule za kawaida. Na apendaye njia nyingine aweza kusoma katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Asiyepita sekondari hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, kisha hufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wala umri si kizuizi. Huko Eldoret, nchini Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, kwa sababu alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe.

Lakini bibi yangu hahitaji darasa. Anahitaji karatasi. Sokoni kwetu vitabu na madaftari makuukuu huuzwa kwa wauza karanga na maandazi, na yeye huikunjua kila karatasi akaisoma kabla ya kula. Likizo iliyopita alinisomea nusu ukurasa wa kitabu cha Sayansi cha shule ya msingi, habari za minyoo, akaniuliza nusu iliyokatwa ilisemaje. Karatasi nyingi nyingine huzitupa, maana madaftari yetu ya sekondari yameandikwa kwa Kiingereza.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani, na baada yake, kama ilivyo desturi, mabweni yatajaa karatasi zisizo na mwenyewe. Napendekeza kila bweni liweke sanduku moja mapema, na ndani yake tutie vile tu vinavyomfaa mtu wa kijijini: vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vitabu vya shule ya msingi tulivyokuja navyo, magazeti, na vijarida vya kilimo na afya. Mwenye herufi kubwa avitie juu, kwa sababu ya macho ya wazee. Mimi nitabeba fungu la upande wa Mngeta. Kabla ya hapo nakitafuta kile kitabu cha Sayansi. Mwenye nacho aniletee, maana bibi angali anaingoja nusu ya pili ya minyoo.