Kipimajoto cha Nyama: Kuchagua na Kutunza

Rangi ya nyama si ushahidi kwamba imeiva. Kuku anaweza kupendeza nje huku bakteria wa salmonela wakiwa hai karibu na mfupa. Pima joto.

Kuchagua: Chagua chenye ncha nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, kinachosoma 0°C hadi 100°C au zaidi. Usitumie kipimajoto cha homa. Kipimo chake huishia 42°C, na cha kioo kitapasuka.

Kutumia: Chomeka ncha katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa. Kuku afikie 74°C. Nyama ya kusaga, 71°C.

Kutunza:
(a) Osha ncha kwa maji ya moto na sabuni kila unapopima, isihamishe bakteria.
(b) Kihakiki kwa maji yenye barafu, kisome 0°C.

Swali: Mjini Mbeya, kipimajoto kilisoma 94°C katika maji yanayochemka. Je, ni kibovu?

Jibu: La. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo maji huchemka kabla ya kufikia 100°C.