Kuacha Kazi Kabla Notisi Haijaisha: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Mwankoko

Kila siku watu hutoka kata ya Mwankoko kwenda Singida mjini kukamua alizeti, kulinda maghala, kupika na kutandika vitanda kwenye nyumba za wageni, kuuza madukani, kufundisha shule binafsi. Wengine wamekwenda mbali zaidi, Dodoma na Dar es Salaam, kufanya kazi za ndani. Mwongozo huu ni wa yule ambaye kazi imemfika shingoni, na siku 28 za notisi anaziona kama mwaka. Unawahusu walioajiriwa na watu na kampuni binafsi. Mtumishi wa umma ana kanuni zake, azisome hizo.

Anza na jambo ambalo waajiri wengi hawalisemi: hakuna anayeweza kukushika kwa nguvu kazini. Katiba, ibara ya 25, inakataza kazi ya kulazimishwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inarudia katazo hilo. Ukiondoka leo, polisi hawatumwi kukurudisha. Suala linalobaki ni la fedha na kumbukumbu. Ndiyo maana kosa kubwa katika kuondoka ni kutoweka kimyakimya. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinahesabu kutofika kazini zaidi ya siku tano za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kuridhisha, kuwa kosa la kumfukuzisha mtu. Aliyeandika barua ameacha kazi. Aliyezima simu ataitwa mtoro, hata kama aliteseka kweli.

Kifungu cha 41 cha Sheria hiyo ya Ajira kinataka notisi ya maandishi yenye sababu na tarehe. Ukiwa katika mwezi wa kwanza wa ajira, ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuongeza muda huo, lakini uwe sawa kwa pande zote mbili: mwajiri asikudai miezi mitatu huku yeye akijiwekea mwezi mmoja. Ile "notisi ya saa ishirini na nne" inayotajwa sana vijiweni haimo katika kifungu hiki. Ipo kwenye baadhi ya mikataba, kwa hiyo tafuta nakala ya mkataba wako kabla ya kuitegemea.

Je, ukikataa kuzimaliza siku za notisi? Sheria imeruhusu mwajiri akate, kutoka kwenye fedha unazomdai wakati wa kuondoka, kiasi ambacho ungelipwa kwa siku ambazo hukufanya kazi. Hapa ndipo watu hutishwa bure, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mtu wa mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa njia ya Jedwali la Sheria, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, nao kwa siku sita. Kwake siku moja ni kama shilingi 10,000. Ametoa notisi, akafanya wiki mbili, akashindwa. Zimebaki siku 12 za kazi, yaani 120,000 za kukatwa. Lakini alikuwa kazini miezi minane bila likizo, na likizo ya mwaka hujikusanya kwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Miezi minane ni takriban siku 208, kwa hiyo ana malipo ya siku 16 za likizo: 160,000. Baada ya makato bado anadai 40,000, na juu yake mshahara wa siku alizofanya ambazo hajalipwa. Fanya hesabu yako kwenye karatasi kabla ya kuingia ofisini kwa bosi. Mtu anayejua namba zake hatishiki kirahisi.

Wengine hujaribu kutoa notisi wakiwa likizo, ili siku ziende pamoja. Kifungu hichohicho kimekataza. Njia safi ni kuomba makubaliano: mwajiri akikubali kwa maandishi kukuachia mapema, hakuna ubishi tena. Waajiri wengi hukubali, hasa ukiomba kwa heshima na ukamwonyesha kwamba makabidhiano yamekamilika. Mfanyakazi aliyechoka na mwenye kinyongo hamfai mtu getini wala kwenye mashine.

Mwenye mkataba wa muda maalumu awe mwangalifu zaidi. Kanuni zinasema anaweza kujiuzulu iwapo mwajiri amevunja mkataba kwa jambo la msingi. La sivyo, aondoke kwa kukubaliana na mwajiri.

Kuna hali ambayo notisi haipaswi kukuzuia kabisa. Mshahara haulipwi, unatukanwa au kupigwa, unanyanyaswa kingono na anayepaswa kukulinda anatazama pembeni. Sheria inatambua kwamba mwajiri anaweza kuifanya kazi isivumilike hadi mfanyakazi akalazimika kuacha, na kuacha huko kukahesabiwa kuwa ameachishwa. Ila Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) itakuuliza kama ulilalamika kwanza kwa njia zilizopo kazini, isipokuwa kama ulikuwa na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Kwa hiyo andika malalamiko mapema, hata ujumbe wa simu wenye tarehe, na usiufute. Aliyepigwa au kunyanyaswa kingono aende pia Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na asisubiri chochote.

Barua yenyewe iwe fupi:

"Naacha kazi kuanzia tarehe … kwa sababu … . Naomba kuachiwa kabla ya kumaliza notisi. Iwapo hilo halitakubaliwa, siku zilizobaki zikatwe kwenye stahiki zangu kwa mujibu wa kifungu cha 41. Naomba malipo ya siku nilizofanya kazi, likizo niliyojikusanyia na hati ya utumishi. Nitakabidhi vifaa tarehe … ."

Usiandike matusi, wala usisaini karatasi inayosema "sidai chochote" kabla fedha hazijafika mkononi. Toa nakala mbili, ya kwako isainiwe na kuwekwa tarehe ya kupokelewa. Akikataa kupokea, mpelekee mbele ya shahidi, au itume kwa rejista ya posta. Funguo, sare, simu ya kazi na fedha za mauzo vikabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa. Kama bosi ameshika vyeti au kitambulisho chako cha NIDA, vitaje kwenye barua kwamba unavidai.

Dada aliyechukuliwa Mwankoko kwenda kufanya kazi Dar es Salaam adai pia usafiri wa kurudi alikochukuliwa. Kifungu cha 43 kinauzungumzia. Asitegemee fao la kukosa ajira la NSSF, maana halikuwekwa kwa ajili ya aliyejiuzulu kwa hiari, lakini michango yake inabaki kuwa yake. Akague kama iliwasilishwa kweli.

Usipolipwa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Singida mjini au mkoa uliofanyia kazi, ujaze fomu namba moja. Hulipi ada. Madai kwamba ulilazimishwa kuacha kazi yana siku 30 tu tangu ajira ilipokoma. Madai mengine, kama mshahara uliobaki, yana siku 60. Siku hizo huhesabiwa hata wakati bosi anakuambia "njoo wiki ijayo".