MWANGWI WA MOYO

Katika masomo ya Biolojia tunafundishwa kuwa moyo wa mtu una vyumba vinne na vali nne, nao hupiga mara sabini hivi kwa dakika, usiku na mchana. Katika Fizikia tunafundishwa habari za sauti na mwangwi. Mara nyingi sisi wanafunzi huyaweka masomo haya mbalimbali kana kwamba hayajuani. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi daktari mmoja wa Sweden alivyoyakutanisha, na faida iliyopatikana, ambayo inatuhusu hata sisi wa Afrika ya Mashariki.

Shida ya Daktari Edler

Inge Edler alizaliwa mwaka wa 1911 kusini mwa Sweden. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lund, akahitimu mwaka wa 1943, na baadaye akashika kazi ya kuwachunguza wagonjwa wa moyo katika hospitali ya mji huo.

Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wenye ugonjwa wa vali ya mitrali. Vali hii ni mlango wenye majani mawili laini, ulioko baina ya auriko ya kushoto na ventriko ya kushoto. Mtoto akipatwa na homa ya rumatiki, majani hayo huweza kuharibika. Huwa manene, yakashikana, na njia ya damu ikawa nyembamba. Hapo damu itokayo mapafuni husongamana, na mgonjwa hukosa pumzi hata kwa kupanda ngazi chache.

Wakati ule wapasuaji walikuwa wamekwisha kuanza kuupanua mlango huo kwa kidole kilichoingizwa ndani ya moyo unaopiga. Lakini kulikuwa na hatari. Vali nyingine zilikuwa nyembamba na tena zinavuja, yaani hazifungi sawasawa, na damu hurudi nyuma. Kuipanua vali inayovuja ni kumzidishia mgonjwa maradhi. Kwa hiyo kabla ya kisu ilipasa kujua: je, vali hii imebana tu, au inavuja pia? Daktari alisikiliza kifua kwa masikio, alipiga picha za eksirei, tena alipitisha mpira mwembamba katika mshipa mpaka moyoni. Hata hivyo mara nyingi hakupata jibu la yakini.

Sauti Isiyosikika

Yafaa sasa tukumbuke somo la mwangwi. Mtu akipiga ukelele mbele ya jabali, sauti huenda, ikagonga, ikamrudia. Akiujua mwendo wa sauti na muda uliopita, aweza kujua jabali liko umbali gani. Masikio yetu husikia sauti yenye mitetemo isiyozidi 20,000 hivi kwa sekunde. Sauti yenye mitetemo zaidi ya hiyo huitwa altrasaundi. Popo huitumia gizani, na madaktari wa moyo hutumia ile yenye mitetemo milioni 2 na zaidi kwa sekunde.

Ndani ya mwili sauti huenda mita 1,540 hivi kwa sekunde. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kwa muda huo sauti imekwenda sentimeta 15.4. Lakini huo ni mwendo wa kwenda na kurudi, basi tunagawanya kwa mbili: kitu kilichougonga kiko sentimeta 7.7 chini ya ngozi. Hesabu hii kila mwanafunzi wa kidato cha nne aiweza.

Mashine ya Kiwanda cha Meli

Edler hakuwa mtaalamu wa Fizikia, naye hakuona haya kuuliza. Alimwendea Bwana Carl Hellmuth Hertz, mwanafizikia kijana wa chuo kile kile, akamwuliza kama rada yaweza kutazama ndani ya moyo. Hertz akajibu kwamba rada haifai, lakini huenda altrasaundi ikafaa. Bwana huyu alikuwa mwana wa Gustav Hertz, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka wa 1925, na ukoo wake ni ule wa Heinrich Hertz, ambaye jina lake tunalitumia kila siku tunapopima mitetemo.

Katika mji wa Malmö, karibu na Lund, palikuwa na kiwanda cha meli cha Kockums. Huko walikuwa na mashine ya altrasaundi ya kutafuta nyufa zilizofichika ndani ya vyuma. Mwaka wa 1953 Hertz alikwenda huko, akakiweka chombo cha mashine juu ya kifua chake mwenyewe. Kwenye kioo akaona alama ikienda na kurudi kwa kufuata mapigo ya moyo wake. Baadaye kampuni ya Siemens ya Ujerumani iliwaazima mashine kama hiyo, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakapata picha zao za kwanza za miangwi ya moyo.

Walifanya hivi: filamu ilivutwa polepole mbele ya kioo cha mashine. Kila nukta iliyopanda na kushuka ilichora mstari juu ya filamu, mfano wa grafu tunazozichora darasani. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari peke yake asingeipata mashine, na mwanafizikia peke yake asingeijua shida ya mgonjwa.

Ni Mwangwi wa Kitu Gani?

Huenda msomaji akadhani kazi ilikwisha hapo. La, ndipo ilipoanza. Mashine ilionyesha mistari tu, wala mistari haikuandikwa majina. Mmoja ulikwenda kwa kasi kuliko mingine, na mwanzoni Edler alidhani unatoka kwenye ukuta wa auriko ya kushoto.

Hakuridhika na kudhani. Kwa wagonjwa waliokuwa karibu na kufa alitia alama kifuani mahali sauti ilipoingilia na upande ilipoelekea. Walipofariki, chuma chembamba chenye ncha kilipitishwa katika njia ile ile, kisha moyo ukatazamwa. Chuma kilikuta jani la mbele la vali ya mitrali. Basi mstari ule wa kasi ulikuwa mwendo wa vali yenyewe, ile ile aliyokuwa akiitafuta.

Tangu hapo grafu ilisomeka. Jani la vali nzima hufunguka, kisha hurudi upesi, na mteremko wa mstari wake ni mkali. Jani la vali iliyobana hurudi polepole, na mteremko wake ni wa kulala. Kwa kuupima mteremko daktari aliweza kukadiria vali imebana kiasi gani, bila ya kumtoboa mgonjwa. Mwaka wa 1977 Edler na Hertz walipewa Tuzo ya Lasker huko Marekani. Hertz alifariki mwaka wa 1990, na Edler mwaka wa 2001, akiwa na umri wa miaka 89.

Wengine waliiendeleza kazi hiyo. Mwaka wa 1965 Daktari Harvey Feigenbaum wa Marekani alitangaza jinsi altrasaundi inavyoonyesha maji yaliyojaa kuuzunguka moyo. Katika miaka ya 1970 Daktari Liv Hatle na wenzake huko Trondheim, Norway, walipima mwendo wa damu inayopita katika vali. Ukiuzidisha mwendo huo kwa wenyewe, kisha kwa nne, wapata tofauti ya kanieneo ya pande mbili za vali. Damu ikipita kwa mita 2 kwa sekunde, tofauti ni milimeta 16 za zebaki.

Jambo Hili na Sisi

Kule Sweden homa ya rumatiki sasa ni nadra sana. Huku kwetu bado inawakamata watoto na vijana. Huanza na koo. Bakteria aitwaye streptokoka huingia kooni, mwili hupigana naye, na kwa watoto wengine mapigano hayo huugeukia moyo wenyewe. Vali huharibika kimyakimya, na miaka hupita kabla mtu hajakosa pumzi.

Kaskazini ya Uganda, kuanzia mwaka wa 2018, watafiti waliwapima kwa altrasaundi watoto 102,200 wa miaka 5 hadi 17, yaani rika letu. Waliokutwa na dalili za mwanzo katika vali, wasizozijua wenyewe, 818 waliingizwa katika jaribio. Nusu yao walipigwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na nusu nyingine hawakupigwa. Mwishowe, katika waliopigwa sindano, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 kati ya 399. Katika wasiopigwa, ulizidi kwa 33 kati ya 400.

Ndugu wasomaji, hesabu hizo zatuambia mengi. Sisi tulalao wengi katika bweni moja huambukizana upesi, na aumwaye koo mara nyingi husema litapona lenyewe. Kweli, makoo mengi hupona. Lakini koo linalouma kwa homa, pasipo mafua, na mate kumezwa kwa shida, lapasa kuonyeshwa zahanati. Ukipewa dawa, imalize yote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya pili. Na mwenzetu anayehema kila mara katika mchezo tusimcheke kuwa ni mvivu. Tumshauri akapimwe moyo, maana mwangwi wake waweza kusema jambo ambalo yeye mwenyewe hajalijua.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne